Damu Isiyoshika Sumaku

Juzi fundi seremala alikuja kwangu kupaka oili chafu kwenye nguzo za banda la kuku, maana mchwa wa huku Bunju hawana adabu, wakimaliza mti wanahamia kwenye ndoo. Alipofungua tu dumu lake, harufu ikanivaa: nzito, yenye moshi ndani yake na utamu kidogo kwa mbali. Wenzangu wa rika langu mnaijua harufu hiyo, na wengi wenu labda inawakumbusha stendi ya mabasi. Mimi inanikumbusha mama yangu. Nilisimama pale na kikombe cha chai mkononi mpaka yule fundi akaniuliza, "Dada, kuna tatizo?" Nikamwambia hakuna, aendelee na kazi.

Mama yangu alikuwa fundi wa injini. Baba yangu alikuwa mpishi wa pilau. Nasema hili mapema ili anayetaka kucheka acheke kabisa, kwa sababu mtaa wetu wa Dunda wote ulishacheka kabla yenu na haukutupunguzia kitu. Kwetu Bagamoyo si ajabu mwanamume kupika pilau la shughuli. Masufuria yale makubwa ni kazi ya wanaume tangu hapo. Ajabu ilikuwa Mama. Babu alikuwa akitengeneza injini za boti kule Mbegani, hakujaliwa mtoto wa kiume, na hakuona sababu ya kumsubiri. Akamshikisha binti yake spana kabla mtu hajamshikisha mwiko. Mama alipoolewa, mwiko ukabaki kuwa wa mume, na nyumba ikaenda vizuri tu. Shuleni wenzangu walizoea kuniuliza, "Kwenu nani anavaa kanga?" Nami nilikuwa nawajibu, "Anayewahi kutoka kuoga." Jibu hilo alinifundisha Baba mwenyewe.

Gereji ya Mama ilikuwa ubavuni mwa nyumba, paa la mabati juu ya nguzo za mikoko, na mchanga wake ulikuwa mweusi na mgumu kwa oili ya miaka. Alivaa suruali ya bluu ndani ya dera kuukuu, ushungi ameufunga kwa nyuma usimwangukie kwenye feni. Wateja wapya walikuwa wakifika, wananiona mimi na yeye, halafu wanauliza fundi yuko wapi. Mama hakuwa mtu wa kukasirika kwa hayo. Alikuwa anawaambia, "Fundi anakuja, fungua boneti kwanza," na boneti ikishafunguliwa anaingia kazini.

Kilichompa jina si kufungua injini, maana wafunguaji walikuwa wengi. Ni kuisoma oili. Gari likiletwa linalalamikiwa, kitu cha kwanza alimwaga oili ikiwa bado ina joto, kwa sababu alisema ikipoa, uchafu wote unajilaza chini ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na huupati. Aliikinga kwenye beseni, akaiacha itulie, akaimimina polepole, na ile ya mwisho kabisa, nzito, akaichuja kwa kitambaa cha kanzu ya Baba iliyochakaa. Kilichobaki kwenye kitambaa alikisuuza kwa dizeli na kukimwaga kwenye sahani nyeupe ya bati, ile yenye ukingo wa bluu, kisha akaitoa sahani juani. Hapo ndipo nilipokuwa naitwa. Nilipenda kuangalia chenga za chuma zikiwaka kwenye sahani, na sikujua kwamba kinachong'aa vile ni msiba wa mtu.

Alikuwa na sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu, ameifunga ndani ya kipande cha mfuko wa rambo ili chuma kikishika kiweze kutolewa. Aliipitisha juu ya sahani na kunisomesha bila kujua kama ananisomesha. Unga mweusi laini unaoshika sumaku ni uzee tu, kama mvi, hata injini nzima huwa nao. Chenga zenye makali zinazoshika sumaku, hapo kuna gia au ringi imevunjika. Chenga nyeupe zisizoshika, pistoni inakwanguliwa. Na zikionekana nyekundu kama sufuria ya shaba, hizo ni metali, yale mabamba membamba yanayoikumbatia krenki, mhimili unaozunguka ndani ya injini. Yameliwa mpaka tabaka la chini, na gari hilo lisiwashwe tena. Mwisho alisugua tone la oili kati ya kidole gumba na cha shahada, amefumba macho. "Jicho linapenda kudanganywa," alikuwa akisema. "Kidole hakina tamaa."

Mteja aliyemsumbua kuliko wote ni Bwana Sefu wa Ubena, mtu wa lori la mananasi, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Siku aliyoleta lori lake, sahani ilijaa chenga nyekundu. Nakumbuka maneno yao kwa sababu yaliniharibia usingizi.

"Fundi, mbona linanguruma vizuri tu?" aliuliza Bwana Sefu.

"Linanguruma vizuri, ndiyo. Lakini injini inajila."

"Inajila vipi? Injini ina mdomo?"

Mama akamgusisha oili kidoleni. "Sugua. Si unasikia mchanga? Sasa mimi sijakutilia mchanga. Oili ndiyo damu ya gari, Bwana Sefu, na damu haina uongo. Ukingoja injini ipige kelele, ujue imeshamaliza kujila. Oili inasema mapema."

"Msimu wa mananasi huu, Fundi. Silazi gari mimi."

"Basi nenda nalo. Usipolilaza wewe, litajilaza lenyewe, na Ubena hufiki."

Bwana Sefu aliguna, akazunguka lori lake mara mbili kama mtu anayetafuta pa kulikemea, kisha akaliacha. Mimi nilibaki na tatizo langu. Nilikuwa nimeshasikia mara nyingi kwamba gia zina meno, na sasa nimesikia injini inajila. Nikajumlisha. Siku zile zote lori likiwa pale, sikukatiza mbele yake hata mara moja. Nilizunguka kwa nyuma, nikiamini kwamba likimaliza kujila lenyewe litatafuta mwingine.

Wakati huo Mama alikuwa mjamzito, mimba kubwa. Hilo halikumtoa kazini. Alianza tu kufanya kazi ameketi juu ya tairi, na kati ya bolti na bolti anapumzika, mkono kifuani, kama aliyepandisha mlima na hali ametembea kutoka jikoni. Mfukoni mwa dera hakukosa udongo, ule wa vipande vyeupe wanaouza sokoni pamoja na ubani, akiutafuna kra-kra mchana kutwa. Baba alikuwa akimtania kwamba mtoto atazaliwa na kiwanja chake kabisa. Wanawake wa mtaani walisema ni mimba tu, kila mjamzito hula udongo, na Mama mwenyewe alisema ni mimba tu. Nani angebisha? Mtu anayeona ugonjwa wa injini kwenye sahani ataukosaje wa kwake? Lakini wahenga walishasema, mganga hajigangi.

Kliniki nilimsindikiza mimi, kwa kuwa nilikuwa mtoto pekee na nilipenda kutoka. Nesi alimvuta Mama kope ya chini, akaangalia ndani ya jicho, akatikisa kichwa.

"Mama, damu yako imepungua sana. Huna madini ya chuma. Vile vidonge nilivyokupa unavimeza?"

"Nameza, dada," alisema Mama.

Hakuwa anameza. Vilikuwa vinamtapisha, na alivitia kwenye kopo la nati, nikamwona. Ila mimi si uongo ule ulionishtua. Ni hilo neno chuma. Mama hana chuma! Mtu ambaye viganja vyake vilikuwa vimeingia weusi wa chuma mpaka sabuni ya mche ilinyoosha mikono? Njia nzima ya kurudi nilikuwa naangalia mikono yake. Nikamuuliza chuma kinaingiaje kwenye damu, na kama kwenye injini chuma kikionekana kwenye damu ni ubaya, kwa nini kwake kisipoonekana ndiyo ubaya. Mama akacheka mpaka akashika ukuta wa duka la watu apate pumzi. "Mwanangu," alisema, "mtu na gari vimepishana hapo. Gari likiwa na chuma kwenye damu linakufa. Mtu asipokuwa nacho, anakufa." Alisema kama mzaha, akafuta macho, tukaendelea. Lakini mzaha ule mimi niliubeba mzima mzima.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya arusi mtaa wa pili, na Baba alikuwa huko na masufuria yake tangu alfajiri. Mama alikuwa anafungua bolti za chini za injini ya Bwana Sefu. Spana ikateleza, akajigonga kwenye chuma, ngozi ya kifundo cha kidole ikachanika. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya tairi, akafumba macho, mkono ukaning'inia, na chini ya mkono ilikuwapo ile sahani nyeupe, imeshaoshwa, inasubiri kazi. Matone yakadondoka humo. Mimi nilikuwa nimechuchumaa pembeni, na nilipoyaona matone ya damu ya mama yangu kwenye sahani ya kupimia, nilijua la kufanya. Nani asingejua? Nilikuwa nimefundishwa.

Nikaichukua sahani, nikaitoa juani. Nikatwaa sumaku na mfuko wake wa rambo, nikaipitisha juu ya damu. Haikushika kitu. Nikaivua mfuko, nikidhani unazuia, nikaipitisha tena, karibu kabisa. Sumaku ikatoka na wekundu tu, unateleza. Nikasugua tone kati ya kidole gumba na cha shahada, nimefumba macho kama yeye. Hakuna hata chembe. Na ilikuwa nyepesi, nyepesi mno, kama juisi ya rozela iliyotiwa maji na mtu mchoyo. Basi nikaona kweli kwamba Mama yangu hana chuma hata punje moja, na mtu asiyekuwa nacho anakufa, amesema mwenyewe. Nikageuka kumwangalia. Alikuwa amefumba macho, midomo imekuwa na rangi ya majivu.

Nilikimbia. Sikumwambia yeye kitu, nilikimbia moja kwa moja mpaka kwenye arusi, sahani mkononi, nikiishika sawa isimwagike. Baba alikuwa kifua wazi, taulo shingoni, amesimama juu ya sufuria na mwiko mrefu kama kasia, na wanaume wenzake wamemzunguka wanabishana kuhusu chumvi.

"Baba! Hakuna chuma! Hakuna kabisa, nimepima, injini inakufa!"

Wanaume wakacheka. Baba naye alicheka. "Mwambie mama yako asijali, injini ya Bwana Sefu tumeshaijua. Na anunue nyingine, mwambie, mtu mwenyewe ana hela za mananasi."

"Si ya Bwana Sefu," nikasema, na hapo kilio kikanishika. "Ya Mama. Hii ni ya Mama."

Baba akainama kwenye sahani. Sijui aliona nini. Alikuwa mtu wa kupima vitu kwa jicho, maji ya wali, mchuzi, rangi ya kitunguu, na nadhani aliona ile rangi. Akamkabidhi mwiko mtu aliyekuwa karibu, ambaye hakuwa mpishi bali mjomba wa bwana arusi aliyekuja kuonja nyama, na akaondoka hivyo hivyo bila shati. Pilau la arusi ile liliungua. Mpaka leo Dunda ukitaja pilau la kuungua watu wa umri fulani wanajua unasema arusi ipi, na ile familia ilitusamehe, Mungu awalipe, hawakuwahi kutukumbusha kwa ubaya.

Tulimkuta Mama amesimama, anafunga kidole kwa kitambaa. Alipotuona akaja juu.

"Baba Mwajuma, umeacha watu na njaa kwa ajili ya mchezo wa mtoto? Nimejikata tu. Nikimaliza injini hii nitapumzika."

"Mama Mwajuma, twende hospitali."

"Siendi. Naumwa nini? Si unaniona nimesimama?"

Baba alikuwa mpole kwa Mama siku zote, na upole ule siku hiyo haukumsaidia. Alibaki amesimama, mikono inanuka bizari. Ni mimi niliyesema, wala si kwa werevu, ni kwa hofu, na maneno niliyokuwa nayo ni yake tu. "Mama, si ulimwambia Bwana Sefu? Ukingoja ipige kelele, imeshamaliza."

Mama aliiangalia sahani mkononi mwangu, akaangalia sumaku iliyolowa damu, akaniangalia mimi usoni, muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akaketi tena juu ya tairi, taratibu, na kwa mara ya kwanza maishani nilimsikia mama yangu akisema amechoka. "Haya," alisema. "Nipelekeni."

Tukampakia kwenye bajaji. Kabla hatujafika, alikwisha kuniegemea, mzito, jasho la baridi. Hospitali walimpima wakaanza kukimbia, na wauguzi wakikimbia hata mtoto anaelewa. Walihitaji damu. Ya Baba haikuendana na yake. Ya jirani yetu haikuendana. Baadaye mchana akatokea Bwana Sefu, amefika gerejini kugombana kwa nini lori lake limelala, akaelekezwa hospitali, akaja na ugomvi wake mpaka mlangoni. Alipoelezwa, akakunja mkono wa shati bila kuuliza swali. Yake ikaendana.

"Nimekuja kuchukua injini," alimnung'unikia Baba alipotoka, pamba imebandikwa mkononi, "naondoka nimeacha oili."

Baba alimshika mkono ule mwingine, akashindwa kumwachia. Nami nilimwamkia, "Shikamoo, Bwana Sefu," na alipoitikia marahaba kwa sauti yake ile ya ng'ombe, nilitamani kumbusu viatu. Daktari alikwishamwambia Baba mbele yangu, bila kujua naelewa, kwamba kama uchungu ungemkuta Mama na damu ile, mtoto labda angepona lakini mama asingerudi nyumbani. Nimeshukuru watu wengi maishani, wengine kwa adabu tu. Yule mzee wa mananasi namshukuru kwa moyo wote mpaka leo, na kila nikila nanasi namwombea.

Mama alilazwa siku za kutosha. Baba alimpikia maini na mchicha, akampelekea kwa bakuli lililofungwa kitambaa, na akamsimamia ameze vidonge kimoja kimoja, macho kwa macho. Udongo ulipigwa marufuku. Ndugu yangu akazaliwa salama, mnene, mweusi, mwenye mayowe, na ingawa ana jina lake zuri la kitabuni, mtaa mzima unamwita Chuma. Lori la Bwana Sefu lilifungwa metali mpya na Mama mwenyewe, mtoto mgongoni, na halikumpa mtu taabu kwa misimu mingi.

Miaka ikapita na mimi nikawa mtu wa kutembea na kifua mbele. Nilikuwa mtoto aliyempima mama yake kwa sumaku akamwokoa. Niliisimulia habari hiyo kila palipokuwa na mgeni. Mpaka siku moja sekondari, mwalimu wa sayansi akaeleza kwamba chuma cha kwenye damu hakishikwi na sumaku, si cha mgonjwa wala cha mzima. Sikuamini. Nilijichoma kidole kwa pini hapo hapo, nikaomba sumaku ya darasani, nikajaribu damu yangu mimi, msichana mwenye mashavu. Haikushika kitu. Darasa lilicheka na kengele ikalia, na mimi nilirudi nyumbani nimenywea, kwa sababu nilikuwa nimegundua kwamba kipimo changu kilichomwokoa mama yangu hakikuwa kipimo cha kitu chochote.

Nilimkuta gerejini, ameinamia injini ya bajaji. Nikamsimamia.

"Mama, kumbe damu ya mtu yeyote haishiki sumaku?"

"Haishiki," alisema, hajainua kichwa.

"Ulikuwa unajua?"

"Mwajuma, mimi nimejikata mara ngapi na sumaku mkononi? Nilijua hata hujazaliwa."

"Sasa kwa nini ulikubali kwenda?"

Hapo akainuka. Alipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama anayetafuta maneno kwenye vidole.

"Watu wote walikuwa wananiletea magari," alisema. "Asubuhi mpaka jioni, Fundi niangalizie hili, Fundi niangalizie lile. Na mimi nilikuwa nimeshakisikia kitu ndani yangu, nikakinyamazia. Halafu nikafumbua macho nikakuona wewe umechuchumaa juani, umeniweka mimi kwenye sahani, umefumba macho unanisugua kwenye kidole. Mwanangu, niliona haya kukufia."

Akainama tena kwenye injini, akaniambia nisogee, namzibia mwanga.